Kinachojirudia Ndicho Kinachofichua

Mwenyekiti wa kikao, walimu wetu, wanafunzi, na nyinyi mlioacha kazi maofisini kuja kutusikiliza hapa Mombasa: asanteni kwa kufika, na asanteni zaidi kwa maswali. Tumeyasoma yote. Mengi yanafanana, kwa hiyo hatutajibu karatasi kwa karatasi. Wapo wanaouliza, "Nikipewa maandishi yaliyosimbwa, yaani yaliyofichwa kwa msimbo, naanzia wapi?" Wapo wanaouliza kinyume chake, "Nikiusimba ujumbe wangu, nani ataweza kuusoma?" Na wapo wachache wenye swali la uchungu, la faili za ofisi zilizofungwa na virusi. Hao tutawafikia mwishoni.

Majibu yote yana mzizi mmoja: tafuta kinachojirudia. Ni nadra mvunja misimbo kuukabili uso kwa uso ufunguo, yaani ile siri inayoamua herufi zibadilishwe vipi. Muda wake mwingi huupoteza akichunguza mazoea ya aliyeutumia ufunguo huo. Salamu ileile ikianza kila barua, ufunguo ukitumika mara mbili, lugha ikiwa na herufi inayoipenda kupita nyingine, hapo ndipo pa kuingilia.

Tuanze na misimbo ya penseli, maana ndiyo inayofundisha. Ule wa kusogeza herufi, unaohusishwa na Julius Caesar, hauhitaji uchambuzi wowote. Alfabeti ya herufi 26 ina misogezo 25. Iandike yote, mmoja chini ya mwingine, na mstari mmoja utasomeka. Mgumu kidogo ni ule ambao kila herufi inabadilishwa na nyingine bila mpangilio. Idadi ya funguo zake ni kama 4 ikifuatwa na sifuri 26, na mtu akiiona hudhani amefika salama. Al-Kindi, mwanazuoni aliyefanya kazi Baghdad katika karne ya 9, alikwisha onyesha kwamba wingi huo hausaidii. Hesabu kila alama imetokea mara ngapi, linganisha na maandishi ya kawaida ya lugha hiyohiyo, kisha anza kubadilisha.

Hapo ndipo lilipo swali lililorudiwa kuliko yote: majedwali yanayopatikana ni ya Kiingereza, yenye E juu kabisa; Kiswahili je? Kiswahili kinavunjika kwa urahisi zaidi. Chukueni sentensi ya kawaida, kama ya taarifa ya habari: "Serikali imetangaza kuwa wanafunzi wote watakaofaulu mtihani wa kidato cha nne watapangiwa shule mpya kabla ya mwezi wa saba." Ina herufi 106. Herufi a imetokea mara 26, karibu robo ya herufi zote. Zinazoifuata, i na w, zina 9 kila moja. Alama ya a haijifichi hata ukiivisha sura gani.

Halafu kuna miisho ya maneno. Maneno yetu karibu yote huishia kwa vokali. Kwa hiyo, ikiwa aliyesimba ameacha nafasi kati ya maneno, orodhesha alama za mwisho wa kila neno: zitakuwa tano tu, labda na ya sita iliyoletwa na jina la mtu au la mahali. Tayari una a, e, i, o na u kwenye kapu moja. Herufi w inaweza kuwa nyingi kama i, kama tulivyoona, lakini haimalizi neno, na hivyo inajitenga yenyewe. Alama ikijirudia papo hapo, mbili pamoja, mara nyingi ni vokali, kama katika saa, mzee, hii, choo na kuu. Konsonanti zinazofanya hivyo ni chache, hasa m ya mmoja na n ya nne. Na ukiona alama adimu ambayo kila inapotokea inafuatwa na alama ileile moja, umeipata c, na mwenzake ni h.

Kubwa kuliko hayo ni upatanisho wa ngeli. "Vitabu vyangu viwili vimepotea": maneno manne, yote yanaanza kwa v. Msimbo wa kubadilisha herufi hauwezi kuficha jambo hilo. Mchambuzi akiona maneno matatu au manne mfululizo yenye kichwa kimoja, amekwisha jua kwamba mbele yake kuna nomino na wafuasi wake, na vichwa vinavyowezekana ni vichache: wa, vi, ki, ma, za na wenzao. Sarufi tuliyochapwa kwayo darasa la tano inafanya kazi ya upelelezi bila malipo.

Kinachomkwamisha anayeanza ni ujumbe mfupi. Tazameni huu: "Tutakutana sokoni kesho asubuhi usimwambie mtu." Una herufi 41, na humo u imetokea mara 6, a mara 5. Anayeng'ang'ania kwamba alama iliyo nyingi lazima iwe a ataharibu kazi yote kuanzia hatua ya kwanza. Lakini tazama miisho: a, i, o, i, e, u. Vokali zote tano zimejitokeza katika maneno sita. Ndiyo maana tunawashauri mwanzie kwenye miisho, hesabu ya jumla ije baadaye kuthibitisha. Ikiwa nafasi zimeondolewa na herufi kupangwa tano tano, kama desturi ya watu wa simu za upepo, mbinu ya miisho inakufa. Hapo unahitaji maandishi marefu zaidi, herufi 150 au 200, ndipo hesabu ya jumla iaminike. Mwanahisabati wa Marekani, Claude Shannon, alionyesha mwaka 1949 kwamba kwa Kiingereza herufi zisizofika 30 zinatosha kinadharia kubakiza jibu moja tu la msimbo wa aina hii. Kinadharia. Kwa penseli, mtu mwenye akili timamu huomba zaidi.

Wengine mmeuliza kuhusu msimbo wa Vigenère, ambao ufunguo ni neno na kila herufi ya neno hilo inasogeza kwa kiasi chake. Tuseme ufunguo ni PWANI. Herufi ya kwanza ya ujumbe inasogezwa kwa P, ya pili kwa W, hadi ya tano kwa I, kisha tunarudi P. Kwa karne kadhaa uliaminiwa kuwa hauvunjiki, kwa sababu a moja inatoka kwa sura tano. Udhaifu wake ni huko kurudi P. Neno "kwa" likitokea mara mbili kwa umbali unaogawanyika kwa 5, litatoka na alama zilezile tatu. Friedrich Kasiski, afisa wa jeshi la Prussia, alichapisha njia ya kuutumia udhaifu huo mwaka 1863: tafuta mafungu ya alama tatu yanayojirudia, pima umbali kati yao, tafuta kigawo kinachoshirikiwa. Ukipata 35, 60, 85 na 42, ile 42 ni bahati mbaya, itupe. Zilizobaki zinakwambia ufunguo una herufi 5. Kosa la kawaida ni kuamini jozi moja tu ya marudio. Usikubali chini ya tatu.

Ukishaujua urefu, gawa ujumbe katika mafungu matano: herufi ya 1, ya 6, ya 11 na kuendelea zikae pamoja, ya 2, ya 7, ya 12 pamoja. Kila fungu sasa ni msimbo wa kusogeza tu. Na hapa Kiswahili kinatoa zawadi. Katika Vigenère, a ikisogezwa kwa P inakuwa P yenyewe. Kwa kuwa a ndiyo nyingi kwetu, alama iliyo nyingi katika kila fungu ndiyo herufi ya ufunguo, bila kutoa wala kujumlisha. Utaandika tano mfululizo na neno PWANI litakutazama. Mwingereza, ambaye E yake ni ya tano katika alfabeti, lazima arudi nyuma hatua nne kwa kila fungu. Kila fungu linahitaji herufi kama 40 ili lisikudanganye, kwa hiyo ujumbe mzima uwe na 200 hivi.

Namna ya kuhakiki ni kipimo cha William Friedman, mvunja misimbo wa Marekani, yaani uwezekano wa herufi mbili zilizookotwa ovyo kufanana. Maandishi yasiyo na mpangilio yanatoa takriban 0.038, Kiingereza takriban 0.066. Sentensi yetu ya Serikali na kidato cha nne inatoa 0.089. Ukigawa mafungu kwa urefu usio sahihi, kipimo kinabaki chini. Ukigawa sawasawa, kinapanda ghafla.

Watu wa Mombasa wana haki ya kuijua vizuri habari inayofuata, kwa sababu ilitokea hapa. Mwaka 1942, Wajapani walipoishambulia Colombo kwa ndege mwezi Aprili, kituo cha Waingereza cha kunasa na kuvunja misimbo ya Mashariki ya Mbali, ambacho kilikuwa kimekwisha kimbia kutoka Singapore hadi Colombo, kilihamishiwa Kilindini na kuwekwa katika majengo ya shule ya Allidina Visram. Miongoni mwa kazi zao ulikuwa msimbo wa meli za biashara za Japani, uliopewa jina JN-40. Mwanzoni walidhani ni kitabu cha msimbo kilichoongezewa tarakimu za kuficha. Septemba 1942 karani mmoja wa Kijapani alikosea: alituma ujumbe bila kutaja mahali meli ilipo, akagundua, akautuma tena ukiwa na mahali hapo, kwa ufunguo uleule.

Kwa John MacInnes na Brian Townend, wavunja misimbo wa kituo hicho, hilo lilitosha. JN-40 uligeuza maandishi kuwa tarakimu kwa jedwali la makundi 100 ya tarakimu mbili mbili, kisha tarakimu hizo ziliandikwa kwenye safu na safu kusomwa kwa mpangilio wa siri. Fikirini kinachotokea ukichomeka maneno machache katikati. Kabla ya pale ulipochomeka, kila tarakimu inabaki kwenye safu yake. Baada ya hapo, zote zinasogea, na kipande kilichokuwa safu hii kinaibukia safu nyingine, umbali uleule kwa vipande vyote. Ukilinganisha ujumbe wa kwanza na wa pili, unaona safu ipi iko upande gani wa ipi, na mpangilio wa siri unajikusanya wenyewe. Kufikia Novemba mwaka huohuo walikuwa wakisoma kila ujumbe unaoingia, na ule wa zamani waliouhifadhi pia. Angeutuma upya kwa ufunguo mwingine, wangebaki na tarakimu tupu.

Hilo linatupeleka kwa anayeuliza kama upo msimbo usiovunjika kabisa. Upo, na masharti yake ni makali: ufunguo uwe wa bahati nasibu kamili, uwe mrefu kama ujumbe, uwe siri, na utumike mara moja tu. Sharti la mwisho ndilo linaloua. Wapelelezi wa Kisovieti walitumia karatasi za funguo za aina hii, lakini wakati wa vita baadhi ya kurasa zilichapishwa mara mbili, na mradi wa Marekani ulioitwa Venona, ulioanza 1943, ukaziingilia kupitia hapo hapo.

Mnaweza kujionea kwenye kompyuta. Jumbe mbili zikisimbwa kwa ufunguo uleule kwa XOR, yaani hesabu inayolinganisha biti (0 na 1) na kutoa 0 zikifanana, 1 zikitofautiana, zichanganye zenyewe kwa XOR: ufunguo unatoweka, unabaki mchanganyiko wa ujumbe kwa ujumbe. Kwa herufi ndogo za ASCII, jedwali la kompyuta linaloipa kila herufi namba yake, herufi na herufi zikikutana matokeo ni thamani ndogo, chini ya 32. Nafasi ikikutana na herufi ndogo, matokeo ni herufi kubwa ileile. Kwa hiyo popote palipoibuka herufi kubwa, ujumbe mmoja una nafasi na mwingine una herufi hiyo. Kisha chukua neno unalolishuku, kama "katika" au "kwamba" likiwa na nafasi pande zote mbili, liburute kutoka mwanzo hadi mwisho, hatua moja moja. Likikaa mahali pake, upande wa pili kutatokea kipande cha Kiswahili kinachosomeka. Kiendeleze kushoto na kulia, ujumbe mmoja ukikwama usukume kwa mwingine. Neno fupi kama "na" litakudanganya kila mahali; anza na lenye herufi sita au zaidi.

Sasa misimbo ya leo, hasa AES, unaotumika sana kusimba data za kompyuta. "Je, AES inavunjika?" Kwa nguvu, yaani kwa kujaribu kila ufunguo, hapana. DES, msimbo uliotangulia AES, ilikuwa na ufunguo wa biti 56, na mwaka 1998 shirika la EFF la Marekani lilitengeneza mashine ya chini ya dola 250,000 iliyoupata ufunguo kwa saa 56. Kila biti moja inayoongezwa inazidisha kazi mara mbili. AES yenye biti 128, hata kwa mitambo inayojaribu funguo trilioni moja kwa sekunde, ingehitaji miaka kama bilioni 10 mara bilioni moja kuzipitia zote. Kompyuta za kwanta, mashine za aina mpya zinazotumia fizikia ya chembe ndogo, hazibadilishi sana hapo, ukichukua biti 256. Zinachotishia ni RSA na ndugu zake, misimbo yenye funguo mbili, mmoja wa umma na mmoja wa siri, kwa njia aliyoieleza mwanahisabati Peter Shor mwaka 1994, na ndiyo sababu taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ilitoa viwango vipya Agosti 2024.

Lakini AES hushindwa ikitumiwa vibaya, tena kila wiki. Kuna hali ya matumizi inayoitwa ECB, ambayo kila kipande cha baiti 16 kinasimbwa peke yake. Vipande viwili vinavyofanana vinatoka vimefanana. Ukipewa faili lililosimbwa, jambo la kwanza likate vipande vya baiti 16 na uhesabu vinavyojirudia. Ukikuta hata viwili, mwandishi wa programu hiyo ana maelezo ya kutoa.

Na ufunguo wenyewe ulitoka wapi? Kuanzia 2006 hadi Mei 2008, toleo la OpenSSL, programu ya kutengeneza funguo, lililokuwa kwenye mfumo wa kompyuta wa Debian liliharibiwa na marekebisho yaliyoondoa karibu bahati nasibu yote. Kilichobaki ni namba ya programu inayoendesha, isiyozidi 32,768. Funguo zilionekana ndefu na za kutisha, ila kwa aina moja ya mashine na ukubwa mmoja, zote zingeweza kuorodheshwa. Mwaka 2012 watafiti walikusanya kwenye intaneti mamilioni ya funguo za umma za RSA, ambazo kila mmoja hujengwa kwa kuzidisha namba tasa mbili, na kukuta maelfu zinashiriki kigawo tasa na ufunguo mwingine. Chukueni 3233 na 3127. Kila moja peke yake inakusumbua kuigawa. Pamoja: 3233 kutoa 3127 ni 106, 3127 kwa 106 inabakiza 53, 106 kwa 53 haibakizi kitu. Vigawo ni 53 na 61, na 53 na 59. Kanuni hii ya Euclid ya kutafuta kigawo kinachoshirikiwa ilifungua milango ya vifaa halisi, kwa sababu vilichagua namba mara tu vilipowashwa, kabla havijakusanya bahati nasibu ya kutosha.

Kuhusu nywila tutapita upesi. Mfumo mzuri hauzisimbi. Unazipitisha kwenye heshi, hesabu ambayo hairudi nyuma, na anayezitafuta anakisia tu. Nywila ya herufi ndogo 8 inaweza kuwa na sura takriban bilioni 209. Kadi moja ya michoro ya kisasa inakisia MD5, heshi ya zamani, makumi ya mabilioni kwa sekunde: zimeisha ndani ya sekunde chache. Kwa bcrypt, heshi iliyofanywa ya polepole makusudi, yenye gharama ya 12, kadi hiyohiyo inafanya elfu moja au mbili hivi kwa sekunde, na kazi ileile inakuwa ya miaka. Chumvi, yaani tarakimu za nasibu zinazoongezwa kwa kila mtumiaji, ipo ili watu wawili wenye nywila moja wasitoe heshi moja. Tunarudi palepale.

WhatsApp? Ujumbe ukiwa njiani, sahau. Wanaosomewa jumbe zao wamebadilishiwa laini, au wamempa mtu ule msimbo wa tarakimu sita, au wameacha nakala ya akiba mtandaoni bila kuisimba, au simu yenyewe ina programu ya upelelezi. Na mnaotaka kufanya mazoezi, fanyieni faili na vifaa vyenu. Kenya ina sheria ya matumizi mabaya ya kompyuta na makosa ya mtandao ya 2018, Tanzania ina yake ya 2015, na udadisi wa mwanafunzi hautakuwa utetezi mahakamani.

Tumebaki na wenye faili zilizofungwa na virusi vya kudai fidia. Mnachouliza ni kama sisi tunaweza kuvunja. Virusi vilivyoandikwa vizuri hufunga kila faili kwa AES kisha kuufunga ufunguo huo kwa RSA ya mwizi, na hapo hakuna wa kuvunja. Ila vingi vimeandikwa vibaya, na msifanye jambo litakaloharibu nafasi hiyo.

Chomoa waya wa mtandao na uzime Wi-Fi, lakini usizime wala kuwasha upya kompyuta. Mwaka 2017, kwenye baadhi ya matoleo ya Windows, virusi vya WannaCry viliacha namba tasa za RSA ndani ya kumbukumbu, na aliyekuwa hajaizima mashine aliweza kuzipata. Piga picha tangazo la mwizi na uhifadhi faili lake. Nakili diski nzima, pamoja na faili zilizofungwa, kwenye diski nyingine. Kisha peleka tangazo na faili moja lisilo na siri kwenye tovuti ya No More Ransom, iliyoanzishwa 2016 na polisi wa Uholanzi, shirika la polisi la Ulaya (Europol) na kampuni za usalama. Itakwambia ni virusi gani na kama kuna programu ya kufungua. Ijaribu kwenye nakala, kamwe si kwenye diski ya asili.

Tafuta pia faili ambalo nakala yake safi ipo mahali pengine, labda picha au PDF uliyomtumia mtu kwa barua pepe. Virusi vingine hutumia mkondo mmoja wa ufunguo kwa faili zote. Safi na lililofungwa zikichanganywa kwa XOR, mkondo unatoka, na unafungua mengine hadi urefu wa faili hilo. Kwa hiyo chagua kubwa kuliko yote uliyonayo.

Ikishindikana leo, weka diski kabatini. Mei 2016 waliotengeneza virusi vya TeslaCrypt walitoa hadharani ufunguo wao mkuu, na programu ya kufungua ikapatikana bure. Waliohifadhi diski walirudishiwa kazi zao. Waliokuwa wamezifuta na kuweka Windows upya hawakuwa na cha kufungua.